Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga Mfumo wa Kufurikia kwa Tangi Kubwa la Matumbawe

Mfumo wa kufurikia, ambao mafundi wengi huuita ovafloo, ni sanduku na mabomba yanayoshusha maji ya tangi la juu hadi tangi la chini, ambako pampu huyarudisha juu. Makosa yanayofanywa katika kuufunga si ya aina nyingi, ila yanajirudia. Maji yanakutwa sakafuni asubuhi baada ya umeme kukatika usiku. Au bomba linakoroma mchana kutwa kama mtu aliyelala chali. Au pampu inaungua kwa sababu tangi la chini limekauka huku tangi la juu likimwagika. Chanzo kwa kawaida ni kimoja: mfumo ulichaguliwa kwa kuangalia unavyofanya kazi pampu ikizunguka, na hakuna aliyejiuliza utafanya nini pampu ikisimama ghafla, wala utafanya nini dakika ile umeme unaporudi na nyumbani hakuna mtu. Hatua zote zilizomo humu zimepangwa kwa kuzingatia maswali hayo mawili.

Vipimo vya mfano ni vya tangi moja la urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60, ambalo kwa hesabu tupu hubeba lita 648, na likishawekwa mawe na mchanga hubaki na maji yasiyozidi lita 600 hivi. Tangi la chini, linalokaa ndani ya kabati, lina urefu wa sentimita 100, upana wa 45 na kimo cha 45. Ikiwa matangi yako ni tofauti, badilisha tarakimu lakini usiruke hatua.

## Vifaa vya kuandaa

- Tanki konekta 3 za PVC za inchi 1¼ (viungio vya kupitishia bomba kwenye tundu la glasi), zenye mpira wake.
- Mabomba ya PVC ya inchi 1¼ ya kushushia maji, pamoja na elbo, tii, soketi na yunioni (viungio vinavyofunguka kwa mkono) za ukubwa huohuo.
- Koki 1 ya geti ya plastiki, yaani inayofungwa taratibu kwa kuzungusha. Ikikosekana, koki ya mpini ya plastiki itafaa kwa masharti yatakayoelezwa.
- Bomba la inchi 1 la kurudishia maji juu, na pampu yake.
- Mrija mwembamba wa hewa, wa aina inayotumika kwenye pampu za hewa za samaki, na kiungio chake.
- Vipande vya glasi vya sanduku la kufurikia, na silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu.
- Gundi ya PVC, msasa, msumeno wa chuma, pima maji, futi kamba na kalamu ya wino usiofutika.
- Kipekecha cha duara chenye ncha za almasi, mashine ya kutobolea yenye mwendo unaorekebishika, na udongo wa kufinyanga wa watoto.

Kuna onyo moja ambalo haliwezi kusubiri. Koki nyingi za geti katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni za shaba, na viungio vya PPR vyenye uzi huwa na shaba ndani yake hata kama kwa nje vinaonekana plastiki tupu. Maji ya chumvi huila shaba taratibu, na shaba iliyoyeyuka huwaua matumbawe, kamba na konokono kwa kiwango kidogo ambacho samaki huenda asikihisi. Kila kinachogusa maji kiwe plastiki, glasi au silikoni. Fundi bomba atakuambia kwamba ya shaba ndiyo imara, naye kwa bomba la nyumba anasema kweli.

Nunua mabomba na viungio vyake mahali pamoja, ukavijaribishe papo hapo dukani. PVC inayopimwa kwa inchi na ile inayopimwa kwa milimita hukaribiana vya kutosha kukudanganya macho, lakini hazikai pamoja, na gundi haizibi pengo.

## Hatua ya 1: Amua kiasi cha maji kitakachopita

Anza na pampu, kwa sababu maji yanayoshuka hayawezi kuzidi yale yanayopandishwa. Kwa tangi la matumbawe inatosha maji yote yapite kwenye tangi la chini mara 5 au 6 kwa saa. Wengi huzidisha kiwango hiki wakidhani kwamba matumbawe yanahitaji mkondo mkali. Ni kweli yanahitaji mkondo, ila mkondo huo hutolewa na pampu za mawimbi zilizomo ndani ya tangi lenyewe. Maji ya ziada yanayopitishwa chini huleta kelele na viputo tu.

Kwa mfano wetu tutachukua lita 3,500 kwa saa. Kumbuka kwamba tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi la pampu hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji kokote. Angalia jedwali la pampu, utafute kiasi inachotoa kwenye kimo chako halisi, ambacho kwa tangi lililo juu ya kabati ni kama mita 1.5. Kama pampu unayo tayari, pandisha bomba hadi kimo hicho na ujaze ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 20 au 21, una lita 3,500 kwa saa.

## Hatua ya 2: Chagua aina ya mfumo

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo tutapatazama kwa makini.

Sanduku la kuning'iniza hukaa kwenye ukingo wa tangi na kuvusha maji kwa mrija uliopinda, bila kutoboa glasi. Kwa sababu hiyo linapendwa. Ubaya wake ni kwamba viputo hukusanyika juu ya mpindo wa mrija, hasa baada ya pampu kusimama, na siku mrija ukipoteza mvuto wake maji hayashuki tena. Umeme ukirudi, pampu huanza kupandisha maji ya tangi la chini ambayo hayana njia ya kurudi, na huendelea hivyo hadi chumba chake, yaani sehemu ya tangi la chini inamokaa pampu, kikauke. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kifaa hiki kwa tangi kubwa ni kumwagika kulikoahirishwa. Simshauri mtu yeyote akitumie.

Bomba moja lenye pumzi, linalojulikana kwa jina la Durso, hushusha maji pamoja na hewa inayoingia kupitia tundu dogo lililo juu yake. Linafanya kazi, tena linastahimili umeme kukatika. Lakini bomba lililochanganya maji na hewa hupitisha sehemu ndogo tu ya maji ambayo lingepitisha likiwa limejaa, na likizibwa na konokono mmoja hakuna lingine la kulisaidia. Kwa tangi dogo linavumilika.

Mabomba mawili, yaani mtindo wa Herbie, yana bomba moja la saifoni, yaani linaloshusha maji likiwa limejaa maji matupu bila hewa, na kudhibitiwa kwa koki, pamoja na la pili lililo kavu kwa dharura. Ni mfumo mkimya sana. Tatizo lake ni kwamba koki lazima ilingane kabisa na pampu. Pampu ikipungua nguvu kwa uchafu, au ikiongezeka baada ya kusafishwa, kina cha maji ndani ya sanduku hupanda au kushuka hadi uirekebishe tena. Bila koki nzuri ya geti, utaamka nayo na kulala nayo.

Mabomba matatu, yaani mtindo wa BeanAnimal, huongeza kati ya hayo mawili bomba lenye pumzi linalobeba mabaki kidogo ya maji. Hilo la kati ndilo linalosamehe makosa. Pampu ikibadilika kidogo, mabaki huongezeka au hupungua, na kina cha maji hakibadiliki sana. Bomba la saifoni likizibwa, la kati hujifunga pumzi yake na kugeuka saifoni lenyewe. Yote mawili yakizibwa, la dharura hubeba kazi yote.

Kwa tangi la zaidi ya lita 400 chagua mabomba matatu. Gharama inayoongezeka ni ya tundu moja na viungio vichache, nayo ni ndogo kuliko ya zulia lililolowa maji ya chumvi. Hatua zinazofuata ni za mfumo huo.

## Hatua ya 3: Pima urefu wa ukingo wa kufurikia

Ukingo ni ule mdomo wa glasi ambao maji huupitia kuingia kwenye sanduku. Kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo tabaka la maji linalopita juu yake linavyokuwa jembamba, na tabaka jembamba lina faida mbili: huvuta utando wa mafuta na uchafu ulio juu ya maji, na huacha maji machache ya kushuka pampu ikisimama.

Kwa lita 3,500 kwa saa, ukingo wa sentimita 30 utakuwa na tabaka la milimita 15 hivi, na ukingo wa sentimita 90 utakuwa na tabaka la milimita 7. Tutachukua wa sentimita 90. Ukiweka meno ya kuzuia samaki, kumbuka kwamba meno hula karibu nusu ya urefu wa ukingo, na tabaka litanenepa ipasavyo. Napendelea ukingo laini wenye wavu mwepesi unaotoka kwa mkono, kwa sababu meno ni kazi kubwa kuyasafisha.

Sanduku liwe na upana wa ndani wa sentimita 15 na kina cha 15, libandikwe kwenye glasi ya nyuma, ndani ya tangi. Mdomo wake uwe sentimita 4 chini ya ukingo wa juu wa tangi. Sababu ya kipimo hicho iko katika hatua ifuatayo.

## Hatua ya 4: Fanya hesabu mbili za mafuriko

Usinunue chochote zaidi kabla ya kukaa na kalamu. Tangi letu lina eneo la sentimita za mraba 10,800 kwa juu, kwa hiyo kila sentimita 1 ya kina ni lita 10.8.

Hesabu ya kwanza: umeme unapokatika. Maji yaliyo juu ya mdomo wa sanduku, milimita 7, hushuka yote: hizo ni lita 7.6. Bomba la kurudishia nalo hugeuka saifoni na kunyonya maji kinyumenyume mpaka mdomo wake uvute hewa. Ikiwa mdomo huo uko sentimita 2 chini ya ukingo wa sanduku, lita 21.6 zaidi zitashuka. Ndani ya sanduku maji yatashuka sentimita 5 hivi, kama lita 7, na mabomba yenyewe yana lita 3. Jumla inakaribia lita 40.

Tangi la chini lina lita 4.5 kwa kila sentimita ya kina, hivyo lita 40 zitalipandisha kwa sentimita 9. Acha nafasi ya sentimita 15 juu ya kina cha kawaida, na hutakuwa na wasiwasi.

Sasa chukua kosa ambalo limeharibu sakafu nyingi: mdomo wa bomba la kurudishia uwe sentimita 8 chini ya ukingo badala ya 2, kwa sababu mtu ametaka maji yaingie kwa utulivu. Maji yanayonyonywa yanakuwa lita 86, jumla inazidi lita 100, na tangi la chini linapaswa kupanda sentimita 23. Hakuna kilichobadilika isipokuwa sentimita 6 za bomba.

Hesabu ya pili: mabomba ya kushushia yanapozibwa yote. Pampu itapandisha maji yaliyomo katika chumba chake hadi yaishe. Ikiwa chumba hicho kina urefu wa sentimita 30, upana wa 45 na maji ya kina cha 20, ni lita 27, ambazo zitainua tangi la juu kwa sentimita 2.5. Ukijumlisha milimita 7 zilizopo unapata sentimita 3.2. Ndiyo maana mdomo wa sanduku umewekwa sentimita 4 chini. Kinga hii haihitaji kifaa chochote cha umeme, wala haiharibiki.

## Hatua ya 5: Toboa glasi

Kwanza hakikisha glasi si ya moto, yaani ile iliyotiwa ugumu kiwandani. Glasi hiyo haitoboki. Hupasuka yote kwa mara moja na kuwa chenga. Muulize aliyetengeneza tangi. Unaweza pia kuweka skrini nyeupe ya kompyuta upande mmoja wa glasi na kuitazama upande wa pili kwa miwani ya jua ya kupunguza mng'ao: glasi ya moto huonyesha mabaka meusi au rangi za upinde wa mvua. Ukiwa na shaka, usitoboe.

Matundu matatu yawe kwenye glasi ya nyuma, katika mstari mmoja, kitovu cha kila tundu kikiwa sentimita 9 chini ya ukingo wa juu wa tangi. Kipimo cha tundu kitoke kwenye tanki konekta uliyoishika mkononi, kwa sababu watengenezaji hutofautiana. Kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa glasi, na kati ya tundu na tundu, kubaki angalau nafasi ya tundu zima. Sentimita 15 au zaidi toka kitovu hadi kitovu zitakupa pia nafasi ya kuingiza mkono.

Bandika karatasi ya gundi pande zote mbili za glasi. Tengeneza bwawa dogo la udongo wa kufinyanga kuzunguka alama, ulijaze maji, na msaidizi aongeze maji safi wakati wote. Tangi lilale ili tundu liangalie juu. Zungusha mashine polepole, mizunguko 400 hadi 600 kwa dakika, na uache uzito wa mashine ufanye kazi. Glasi ya milimita 12 ikichukua robo saa kwa tundu moja usishangae wala usikandamize. Unapokaribia kutokea upande wa pili, punguza hata uzito wa mashine wenyewe, kwa sababu hapo ndipo vipande hukatika.

Vaa miwani ya kinga, na waya wa umeme upite juu, mbali na maji. Tundu jema lina ukingo mweupe ulio sawa. Vimeguko vidogo ambavyo mpira wa konekta unavifunika havina madhara, lakini ufa hata wa milimita 2 unaotoka nje ya mpira ni sababu ya kubadilisha glasi.

## Hatua ya 6: Bandika sanduku na funga konekta

Safisha glasi kwa spiriti, ubandike sanduku kwa silikoni, na uliache siku 7 bila maji. Najua siku hizo ni ndefu. Kama umeliweka mbele ya matundu bila kujaribisha konekta kwanza, utagundua sasa kwamba mkono hauingii, kwa hiyo jaribisha kabla ya silikoni kukauka.

Konekta huingizwa kutoka ndani ya tangi, na mpira ukae upande wa kichwa chake, ndani. Nati iko nje. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko tu. Usipake silikoni kwenye mpira; huufanya uteleze na kukaa upande. Ukikaza kwa spana kubwa, glasi haitakuonya.

## Hatua ya 7: Panga mabomba makavu, kisha gundisha

Panga mfumo mzima bila gundi, piga alama kila kiungio, ndipo ugundishe. Tangi likae sentimita 15 au zaidi kutoka ukutani.

Bomba la saifoni. Ndani ya sanduku weka elbo inayotazama chini, mdomo wake ukiwa kama sentimita 5 chini ya kitovu cha tundu. Nje shusha bomba moja kwa moja, uweke koki mahali ambapo mkono unafika bila kupiga magoti, na yunioni juu na chini yake. Mwisho wa bomba uzame sentimita 2 au 3 tu katika tangi la chini. Ukiuzamisha sana, hewa iliyobaki bombani umeme unaporudi haitaweza kusukumwa nje, na saifoni haitaanza.

Bomba lenye pumzi. Ndani lina elbo ya chini kama la kwanza. Nje lina tii, na juu ya tii kifuniko chenye mrija wa hewa. Mrija huo rudisha ndani ya sanduku, ncha yake ikae sentimita 1.5 juu ya kina cha kawaida cha maji. Maji yakipanda na kuizamisha ncha hiyo, bomba hukosa hewa na kugeuka saifoni. Bomba hili halina koki.

Bomba la dharura. Elbo yake inatazama juu, mdomo ukiwa sentimita 1 hivi chini ya ukingo wa sanduku. Ikate kidogo ikilazimu. Chini, mwisho wake ukae juu ya maji, usizame. Nataka siku likifanya kazi lipige kelele hadi jirani asikie. Hili nalo halina koki, na haliunganishwi na bomba jingine popote, hata kama kuunganisha kunapunguza viungio.

Ukipata koki ya mpini badala ya ya geti, mfumo huu bado utafanya kazi, ila kila msogeo mdogo wa mpini hubadilisha maji mengi, na utahitaji subira. Kwa mabomba mawili nisingekubali.

Elbo zilizo ndani ya sanduku usizigundishe. Zishike kwa kubana tu ili zitoke kwa kusafishwa. Viungio vya nje pigia msasa, futa, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, na ushike nusu dakika. Subiri saa 24 kabla ya maji.

## Hatua ya 8: Funga bomba la kurudishia

Bomba lipande na kupita juu ya ukingo wa tangi, mdomo wake ukiwa sentimita 2 chini ya ukingo wa sanduku kama ulivyopiga hesabu. Watu hutoboa kitundu cha kukata saifoni, au hufunga valvu ya kuzuia maji kurudi. Vyote ni nyongeza, visitegemewe: kitundu huzibwa na mwani, na valvu hushikwa na chumvi au ganda la konokono siku ile unapoihitaji. Kimo cha mdomo ndicho kinga.

Waya wa pampu ulegee na kushuka chini ya soketi ya umeme kabla ya kupanda, ili tone linalotembea juu yake lidondoke kabla ya kufika.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa maji ya bomba

Fanya majaribio haya kabla ya chumvi, mawe na mchanga. Jaza tangi la juu hadi mdomo wa sanduku, kisha tangi la chini hadi kina chako cha kawaida, upige alama.

1. Washa pampu koki ikiwa wazi kabisa. Bomba la saifoni litanguruma na kuvuta hewa. Funga koki kidogo kidogo, ukisubiri dakika 2 kila mara, mpaka maji yajae katika sanduku hadi karibu na nusu ya tundu na bomba lenye pumzi lipitishe utepe mwembamba wa maji. Mafanikio husikika kabla ya kuonekana: kelele hukatika ghafla. Saifoni ikiendelea kunyonya hewa kwa kizunguko, ongeza kipande cha bomba cha sentimita 2 kwenye mdomo wake.

2. Chomoa pampu. Subiri maji yatulie, upime kupanda kwa tangi la chini. Mfano wetu ulitarajia sentimita 9. Ukipata 12, tafuta sababu; mara nyingi ni mdomo wa kurudishia ulioshuka.

3. Chomeka tena bila kugusa koki. Maji yatapanda, bomba la kati litafanya kazi kwa nguvu, pengine na la dharura litalia kwa muda mfupi, kisha yote yatulie. Rudia mara 3. Mfumo unaohitaji mkono wako ili uanze haujakamilika, hata kama unafanya kazi vizuri ukiwapo.

4. Funga koki kabisa ukijifanya konokono ameingia. Bomba la kati lazima lichukue maji yote. Kisha liondoe nalo kwa kuziba mdomo wake kwa mpira au tambara, na uangalie bomba la dharura likibeba peke yake bila maji kufika ukingo wa tangi.

5. Mwisho, ziba yote matatu, mkono ukiwa kwenye swichi. Zima mara chumba cha pampu kinapokaribia kukauka, na upime nafasi iliyobaki juu ya tangi. Wengi huliogopa jaribio hili na kuliacha. Heri uogope mchana, ukiwa na tambara mkononi.

Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungio. Unyevu ambao jicho halioni karatasi huuonyesha, na baada ya maji ya chumvi kuingia, kiungio kinachovuja hujitambulisha kwa ganda jeupe.

## Utunzaji

Kila wiki futa mdomo wa sanduku. Mwani ukiota upande mmoja, maji hupita upande mwingine tu na tabaka hunenepa. Kila mwezi chomoa pampu kwa makusudi, uangalie kama saifoni inaanza yenyewe na kama tangi la chini linapanda hadi alama ileile. Hakikisha ncha ya mrija wa hewa haina chumvi iliyoganda, kwa sababu ikizibwa, bomba la kati litakuwa saifoni wakati wote, na sanduku litaanza kujaa na kukauka kwa zamu, likinguruma kila mara.

Kila baada ya miezi 6 toa elbo za ndani na uzisugue. Hesabu konokono utakaowakuta humo, kisha rudisha wavu.